Milimita za Siku Tisini na Mbili

Kituoni, tarehe 4 Februari
Milimita 0, jua kali

Mwanangu Swali,

Habari za siku nyingi, na za kazi? Sisi huku wazima. Mguu wangu uko vile vile. Hali ya hewa ikitaka kubadilika unaniambia kabla ya vyombo. Mlinzi wa kituo amepata mapacha, basi mchana kutwa anasinzia getini na mimi ndiye ninayemlinda yeye. Paka uliyemkuta mwaka jana amehamia moja kwa moja kwenye kabati la majalada. Na mimi bado naitwa Saa Tatu. Juzi nilichelewa dakika nne kwenda kusoma kipimo cha mvua, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kama naumwa, maana hana saa nyingine.

Sasa jambo lenyewe. Makao makuu wanapunguza vituo. Kituo chenye rekodi ya mvua ya miaka thelathini mfululizo, bila siku hata moja iliyoruka, kitabaki na kitapewa vyombo vipya. Kisicho nayo kinafungwa na kipimo kinang'olewa. Wanataka orodha moja, kila siku mstari wake, kabla ya Juni kwisha.

Kwenye kompyuta nina faili zaidi ya mia tatu na hamsini, moja kwa kila mwezi. Za miaka ya mwanzo nilizinakili mwenyewe kutoka kwenye madaftari, kwa vidole viwili. Tatizo ni kwamba miaka kumi na moja iliyopita nafasi ilijaa, akaja fundi akazibana zote zilizokuwepo ili zipungue ukubwa, kisha akaondoka na hatukumwona tena. Nikifungua faili aliyoibana, naona vikorokoro vitupu. Wewe unalipwa kuzungumza na kompyuta. Zungumza na hii.

Usinipigie simu. Mtandao wa huku unameza nusu ya maneno, na nusu inayobaki mimi siisikii. Andika.

Mama yako mdogo,
Saa Tatu


Tarehe 19 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kazini nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Tuko sita kwenye chumba kimoja, juu ya duka la fundi viatu, kwa hiyo tunaandika programu huku tunavuta harufu ya gundi. Mimi mzima. Mama naye mzima, bado anapiga chapa pale dukani kwake, na bado anawasahihishia watu barua zao za maombi ya kazi bila kuombwa. Anakusalimu sana.

Mama Mdogo, usifungue hata faili moja kwa mkono. Lugha ninayoandikia programu imo tayari kwenye kompyuta yenu, niliiona mwaka jana. Ina njia ya kufungua faili iliyobanwa na kuisoma mstari kwa mstari kama vile haikubanwa kamwe, bila kuibanua kwanza na kujaza nafasi. Programu yangu itapita kwenye kabati lote la kompyuta, pale zinapokaa faili zako. Ikikuta faili ambayo jina lake linaishia na gz, itajua imebanwa na kuifungua kwa njia hiyo. Nyingine zote itazifungua kawaida. Kwa kuwa kila mstari una tarehe yake, itaipanga mistari yote kwa tarehe, itaandika orodha moja, na mwisho itakwambia siku ngapi zimepatikana na ngapi hazipo.

Nimeiandika kwenye karatasi ya miraba, kwa sababu lugha hii ina wivu na nafasi tupu. Kila herufi ina kisanduku chake, na kisanduku kitupu maana yake ubonyeze nafasi mara moja. Inakili kama ilivyo, usiongeze wala usipunguze.

Swali moja, ndiyo jina langu: kuna siku yoyote iliyoruka?

Mwanao,
Swali


Kituoni, tarehe 16 Machi
Milimita 7, mvua ya alfajiri

Swali mwanangu,

Marahaba. Huku tumeshukuru, mvua imeanza vizuri. Mapacha wamepata majina ila mlinzi mwenyewe hajui yupi ni yupi, kwa hiyo mmoja amefungwa uzi mkononi.

Programu nimeinakili, visanduku vyote, siku tatu. Ulisema nisiongeze wala nisipunguze, na mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Nikabonyeza. Kompyuta ikakataa, ikasema mstari wa mwisho haueleweki. Nikautazama mstari wa mwisho kwenye karatasi yako ya miraba, kila herufi kwenye kisanduku chake: Mama anakusalimu.

Kompyuta imeukataa mstari ule, wala siilaumu.

Nikaufuta, nikabonyeza tena. Safari hii ilikwenda kidogo kisha ikatapika maneno mengi mekundu. Nimekunakilia yote nyuma ya barua hii. Sehemu iliyonishangaza ni hii: inasema haiwezi kusoma 0x8b iliyoko nafasi ya 1. Nimeitafuta hiyo 0x8b kwenye madaftari yangu yote na sikuiona. Tena faili yenyewe inayolalamikiwa haina gz kwenye jina lake. Nyingine ninayo, ina gz, lakini nikiifungua inasomeka vizuri tu, namba zangu zote zimo. Nadhani yule fundi alikuwa anabadilisha majina kwanza, umeme ukakatika, akarudi akaendelea pengine. Mtu wa kazi za haraka yule.

Paka amezaa kwenye majalada ya Agosti.

Wako,
Saa Tatu


Tarehe 2 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo, na pole kwa mstari ule. Karatasi ilikuwa imebaki visanduku chini, nikaona nisivipoteze. Barua yako nimewasomea wenzangu wote, mmoja amecheka mpaka akashuka ngazi kupata hewa. Bosi wetu naye ameniuliza kama mama yangu mdogo anatafuta kazi.

Mama anakusalimu. Safari hii nimeandika kwenye karatasi ya kawaida.

Kosa ni langu. Niliamini majina. Ile 0x8b uliyoninakilia ndiyo iliyonifumbua macho: kila faili iliyobanwa kwa njia ile ya gz huanza na alama mbili zile zile, 1f na 8b, jina lake liwe lolote. Basi tusiamini tena jina lililoandikwa mlangoni. Programu mpya inachungulia alama mbili za mwanzo za kila faili, halafu ndipo inaamua. Hiki ndicho kipande chenyewe, badilisha kile cha zamani:

import gzip

def fungua(njia):
    with open(njia, "rb") as f:
        mwanzo = f.read(2)
    if mwanzo == b"\x1f\x8b":
        return gzip.open(njia, "rt", encoding="utf-8")
    return open(njia, encoding="utf-8")

Yaani: fungua, soma alama mbili tu. Zikiwa zile, rudisha faili kwa njia ya kubanua. La sivyo, rudisha kawaida. Anayeita hii fungua hana haja ya kujua ilikuwa ya namna gani, yeye anapata mistari. Na nimeiambia ipite kwenye kila faili iliyomo kabatini, hata zenye majina ya ajabu, maana simwamini tena yule fundi wenu. Ya miraba imo ndani ya bahasha, na chini hakuna salamu.

Mama Mdogo, hukunijibu. Kuna siku iliyoruka?

Swali


Kituoni, tarehe 20 Aprili
Milimita 22

Swali,

Marahaba. Wazima wote.

Programu yako nimeshainakili tangu wiki iliyopita. Sijaibonyeza. Kila asubuhi nikitoka kwenye kipimo nakaa mbele ya kompyuta, naitazama, kisha naenda kuwalisha paka.

Ziko siku tisini na mbili zilizoruka. Machi, Aprili na Mei, miaka kumi na moja iliyopita, nilipoanguka kutoka kwenye ngazi ya tangi nikavunja mguu. Mlinzi wa wakati ule hakujua kusoma, na mwenzangu wa kituoni alikuwa ameshahamishwa. Mama yako alifunga duka lake akaja kuniuguza. Siku ya kwanza tu hospitalini nilimwomba asubuhi asubuhi apitie kituoni asome kipimo. Akaniambia, "Mvua itanyesha hata usipoipima, mdogo wangu. Mimi nimekuja kwa ajili yako, sikuja kwa ajili ya chupa ya mvua." Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hatukulizungumza tena. Niliporudi nyumbani yeye alikuwa ameondoka siku ile ile alfajiri, kwenda kufungua duka lake. Nikafungua daftari la kituo, kurasa tatu nyeupe kabisa. Kalamu niliyoiacha juu yake haikuwa imesogea.

Tangu hapo sikumwandikia.

Mwaka ule ule nilikaa na penseli nikajaza kurasa zile kwa kukisia. Milimita tano hapa, sifuri pale. Nilifika siku ya kumi na tisa nikafuta zote. Siwezi kuandika mvua ambayo sikuiona. Na sasa kituo changu kitafungwa kwa sababu ya dada yangu, na wewe unaniletea salamu zake kila barua.

Ndiyo hiyo, umejibiwa.

Saa Tatu


Tarehe 6 Mei

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Barua yako imekaa kwenye mkoba wangu siku nne, naitoa naisoma nairudisha. Pole. Pole kwa mguu, na pole kwa miaka hii yote. Nilikuwa shuleni wakati ule, niliambiwa tu kwamba umepona.

Nami nina la kukiri. Mama hajawahi kukutumia salamu. Hata moja. Nazitunga mwenyewe, nikidhani mtu akisalimiwa mara nyingi atachoka, mwishowe aitikie. Nisamehe. Lakini hili silitungi: kila nikirudi kutoka kwako, au nikipata barua yako, Mama hawezi kuuliza u hali gani. Anauliza kitu kimoja tu, huku amegeukia mashine yake. Anauliza, "Huko kumenyesha?"

Sijui maana yake. Nakwambia kama nilivyoisikia.

Sasa naomba ubonyeze. Zikikosekana tisini na mbili, tuandikie makao makuu ukweli, mimi nitakusaidia kuiandika barua hiyo, na Mama akitaka ataisahihisha bila kuombwa. Lakini usihukumu kabati kabla hatujalifungua. Nilishakosea hivyo mara moja mwaka huu.

Swali


Kituoni, tarehe 21 Mei
Milimita 3, mvua na jua kwa pamoja

Swali, Swali, Swali,

Marahaba mara kumi. Kaa chini kwanza.

Nimebonyeza leo saa tatu na robo. Sikutaka kuangalia, nikaenda dirishani. Nilipogeuka imeshamaliza, haikuchukua hata muda wa kumwita paka. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu pembeni kwa mkono: siku zote za miaka thelathini ni 10,957, toa tisini na mbili, zibaki 10,865. Kompyuta imeandika: zilizopatikana 10,957. Zisizopo 0.

Nikasema mashine imelewa. Nikashuka kwenye orodha mpaka Machi ile. Namba zipo. Kila siku ipo. Nikaangalia zimetoka wapi, maana programu yako inaandika pembeni jina la faili. Zimetoka kwenye faili tatu zenye majina mdogo1, mdogo2 na mdogo3. Nimeziona faili hizo miaka kumi na moja, mwanangu. Nilizifungua mara moja nikaona vikorokoro, nikadhani ni takataka za yule fundi, na majina yasiyo na mwezi wala mwaka sikuyajali. Kumbe fundi alizikuta pale akazibana pamoja na nyingine kabla mimi sijaigusa tena kompyuta.

Dada yangu ni mpiga chapa. Tangu lini mpiga chapa akaandika kwa kalamu? Alizichapa moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa mpangilio wangu ule ule: tarehe, milimita, maoni. Kwenye maoni mimi huandika ukungu, au ngurumo. Ngoja nikunakilie ya kwake.

Milimita 0. Mdogo amekataa chakula, amenikasirikia.
Milimita 12. Nimelowa. Mdogo asijue.
Milimita 4. Mdogo amekunywa supu yote.
Milimita 31. Nilidhani kipimo kimevunjika, nimepima mara mbili. Mdogo angefurahi.
Milimita 0. Amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, tumecheka.
Milimita 6. Nimechelewa dakika mbili, naomba radhi kwa kituo.

Na siku ya mwisho, tarehe 31 Mei: Milimita 0. Mdogo anarudi nyumbani kesho. Nimeosha kipimo. Atakapofungua kompyuta ataona.

Swali, sikuona. Nililia nikacheka nikalia, mlinzi akaja na pacha mmoja begani kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, kuna mtu amefufuka.

Orodha nimeshaituma leo hii hii kwa mjumbe, nisije nikaamka kesho nikakuta ilikuwa ndoto. Baada ya mjumbe kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba maoni ya dada yako, samahani, ya mama yako, yamo humo yote. Makao makuu watasoma habari za supu. Basi wasome.

Usimwambie kitu. La, mwambie. Mimi sijui nianzie wapi.

Mama yako mdogo


Tarehe 3 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo, na mimi nimelia, wenzangu wakadhani nimefukuzwa kazi.

Nilikwenda dukani kwa Mama jioni ya siku ile ile niliyoipata barua yako. Alikuwa anachapa barua ya mteja, na mteja amesimama juu yake. Sikungoja. Nikamwekea barua yako juu ya herufi za mashine. Akaisoma yote, polepole, kidole chini ya mstari kama anavyosoma kazi ya watu. Alipofika kwenye mdogo1, mdogo2 na mdogo3, akavua miwani.

Akasema, "Kumbe hakuziona."

Akakaa. Mteja akauliza kama barua yake imekwisha, Mama akamwambia arudi kesho, na unajua Mama hajawahi kumwambia mteja arudi kesho. Ndipo akanieleza. Siku aliyokujibu vibaya hospitalini alitoka hapo akaenda moja kwa moja kituoni, akapima. Aliona aibu kurudi kukwambia, akasema heri ukute mwenyewe, iwe zawadi. Aliporudi huku akangoja barua. Wiki, miezi. Akajua umeona, na hukuthamini. Akasema miaka yote kumi na moja alikuwa anafikiri wewe unafahamu kwamba alilowa kwa ajili yako asubuhi tisini na mbili, na hukutaka hata kusema asante. Nikamwambia, "Na yeye alikuwa anafikiri hukupima." Tukatazamana. Tukaanza kucheka, na Mama akicheka unajua anavyopiga meza.

Asubuhi nilimkuta anapanga sanduku. Ameweka na koti la mvua. Nikamwambia angoje kwanza makao makuu wajibu, akaniuliza yeye ni mfanyakazi wa makao makuu?

Atafika pengine kabla ya barua hii. Safari hii kweli: anakusalimu.

Swali


Kituoni, tarehe 12 Julai

Mwanangu Swali,

Marahaba. Huku watu wote ni wazima, na tumezidi mmoja. Mama yako alifika mchana na sanduku na koti, akasimama getini. Mimi nikasimama mlangoni. Hakuna aliyejua aanze nani. Mlinzi kwa kuchoka kutungoja akampa dada pacha mmoja ashike, akanipa mimi wa pili, akaenda zake kulala. Basi tukaanza na watoto, yupi ana uzi na yupi hana, mengine yakafuata. Nimemwambia asante mara tisini na mbili, nimehesabu. Ilipofika ya arobaini akaniomba niache, nikakataa.

Makao makuu wamejibu. Kituo kinabaki, na vyombo vipya vinakuja. Barua ni fupi, ya kiofisi, ina mihuri miwili. Lakini chini, mkaguzi ameongeza kwa mkono wake mwenyewe: Ofisi nzima inauliza kama mguu wa Mdogo ulipona. Nimewajibu rasmi, kwa nakala, kwamba ulipona.

Dada amekwisha kulipanga upya kabati la majalada, na faili zote za kompyuta amezipa majina yanayoeleweka. Zile tatu tu nimemkataza. Zitabaki mdogo1, mdogo2, mdogo3, tena zikiwa zimebanwa vile vile. Programu yako inajua kuzifungua.

Utaona sikuandika milimita hapo juu. Leo nilipoamka jua lilikuwa limefika ukutani, na fundi cherehani yuko barazani kwangu amefadhaika, anaulizia saa. Nikatoka mbio na kanga moja kwenda kwenye kipimo. Kilikuwa kimeshamwagwa, kimeoshwa, na kwenye kompyuta mstari wa leo umechapwa bila kosa hata moja. Nakunakilia:

Milimita 9. Nimepima mimi. Mdogo amelala mpaka saa nne.